Tangi la Mama Hope

Kwa siku saba Eunike alitembea na maharage yaliyofungwa kwenye pindo la kanga. Kila alipotoka chooni alifungua pindo, akachukua punje moja, akaidondosha ndani ya kopo la maziwa lililokuwa juu ya kabati. Jioni mumewe, Melkizedeki, alimimina kopo mezani na kuhesabu. Siku ya kwanza punje zilikuwa kumi na saba. Siku ya pili kumi na tisa. Siku ya tatu zilikuwa kumi na moja tu, lakini Eunike akasema siku hiyo isihesabiwe kwa sababu hakula mchana.

“Basi nachukua ishirini,” alisema Melkizedeki. “Siwezi kupima tangi kwa siku uliyoshinda njaa.”

“Andika ishirini. Lakini fundi mwenzako Sadoki asiione hiyo karatasi.”

“Nitamwambia ni hesabu ya mayai.”

“Mayai ya kuku gani, Baba Hope? Sadoki anajua kuku wetu walikufa wote kwa kideri.”

Wakacheka, naye Melkizedeki akaandika ishirini kwa penseli ya ufundi na kuikunja karatasi mara nne.

Ilikuwa mwaka 1996, nyumbani kwao Kikwe. Melkizedeki alizaliwa juu zaidi, Nkoaranga, kwenye migomba na mibuni ya baba yake. Walikuwa wavulana sita na kihamba kimoja, shamba la ukoo, kwa hiyo alipofika miaka kumi na minane alishuka mjini kujifunza kuchomea vyuma katika karakana moja ya Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Alidumu hapo miaka thelathini. Biashara ilipofunguliwa na magari ya watalii yakaongezeka, watu walianza kumtafuta yeye hasa kwa matangi ya ziada ya mafuta na ya maji, maana tangi lililopita mikononi mwa Melkizedeki halikuvuja. Hakuwa mtu wa kujisifu, ila kwa jambo hilo alikubali kusifiwa.

Eunike alikuwa amepasuliwa utumbo miaka mitano kabla. Upasuaji ulimwokoa, lakini tangu siku hiyo tumbo lake liliacha kutoa taarifa. Likihitaji, linahitaji wakati huohuo. Mara ya mwisho kupanda basi alikuwa akienda kliniki Moshi. Alimwomba kondakta basi lisimame, kondakta akajibu kwa sauti, “Mama, hili ni basi, si choo cha soko!” Abiria wakacheka. Basi liliposimama Boma Ng’ombe alikuwa amechelewa. Alishuka, akaingia katika shamba la mahindi, akakaa humo mpaka kanga ilipokauka. Kliniki hakufika. Baada ya hapo hakupanda gari lolote kwa miaka minne, na kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Kisha ikaja barua ya Hope. Hope alikuwa mtoto wao pekee, mwalimu wa shule ya msingi Singida, na alikuwa amechumbiwa na Eliasi, bwana shamba wa hukohuko. Ndoa ingefungwa katika kanisa la kina Eliasi, na matangazo yalikuwa yameanza kusomwa. Mwisho wa barua Hope aliandika: “Mama, najua safari ni ngumu kwako. Lakini sitaingia kanisani kabla sijakuona umekaa mbele.”

Eunike aliisoma mara mbili, akaiweka ndani ya Biblia, akaenda kuchambua mchele ambao tayari ulikuwa umechambuliwa.

“Tukodi gari dogo,” alisema Melkizedeki. “Tuweke ndoo yenye mfuniko.”

“Na ndoo hiyo ataibeba nani mbele ya wakwe? Wewe, na suti yako? Mimi ni mama wa bibi harusi, si mahabusu.”

Hapo ndipo Melkizedeki alipoikumbuka kombi moja iliyolala karakanani.

Ilikuwa kombi ndefu ya kizamani, ndani ina kitanda, kabati na beseni dogo la kunawia. Mume na mke kutoka Denmark waliendesha kutoka Ulaya mpaka Arusha, giaboksi ikafa, nao wakamwachia Sadoki aliyewavuta kutoka barabarani, wakarudi kwao kwa ndege. Sadoki alikuwa fundi makanika wa karakana ileile, mtu wa mzaha tangu asubuhi hadi jioni, na kwa mwaka mzima aliitumia kombi kama stoo ya matairi.

“Ichukue, kaka,” alisema Sadoki aliposikia ni kwa ajili ya harusi ya Hope. “Giaboksi niachie mimi. Ila choo chake kimepasuka katikati. Mzungu yule alikuwa mzito.”

Melkizedeki alichora matangi mawili kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. La kwanza, la lita arobaini, lingepokea maji ya beseni. La pili lingekuwa la choo peke yake. Mara ishirini kwa siku, kila mara lita moja na nusu ya maji, ni lita thelathini. Kwa siku mbili ni sitini. Akatengeneza la themanini ili lisijae hadi shingoni. Yote mawili yangening’inia chini ya sakafu, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa mikanda ya chuma, ili uzito usielemee upande mmoja. Tako la tangi aliliinamisha kuelekea pembe moja, na kwenye pembe hiyo akaweka bomba la inchi tatu lenye koki. Bomba jembamba lilipanda hadi juu ya paa kutoa harufu.

Sadoki alisimama juu ya mchoro, mikono kiunoni.

“Fundi, unajitesa. Toboa tundu sakafuni, barabara ya Singida ni ndefu. Nani atajua?”

“Mimi ni mzee wa mfereji, Sadoki. Nimewatoza watu mbuzi kwa kufulia nepi kwenye maji ya kunywa. Leo nimwage mimi?”

“Huko hakuna mfereji. Kuna vumbi.”

“Kuna watu.”

“Haya, basi tumia madumu ya plastiki, mepesi.”

“Plastiki ni ya maziwa,” alisema Melkizedeki, akavaa miwani yake nyeusi.

Alitumia bati la mapipa ya mafuta, jipya, na kwa matangi yote mawili bati lilikuwa lilelile. Alipomaliza aliyapaka lami kwa nje, akayajaza maji, akatandika magazeti chini yake. Baada ya siku mbili aliyainua magazeti mbele ya Sadoki. Yalikuwa makavu.

Kilichobaki ni harufu. Katika kabati la kombi alikuta chupa ya dawa ya choo iliyoachwa na wale wageni, maandishi yake ya lugha asiyoijua. Ndani yake mlibaki vijiko vichache vya maji ya buluu, buluu kali, ambayo mtoto yeyote wa Nkoaranga anaijua kabla hajaanza shule.

“Mrututu!” alisema kwa furaha. “Kumbe hata wao wanatumia mrututu.”

Nyumbani kwa marehemu baba yake, Nkoaranga, kulikuwa na gunia la mrututu lililobaki. Zamani ushirika ulileta dawa ya kahawa kila msimu. Siku hizi kila mtu alijitafutia, bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na ndugu zake walikuwa wameng’oa nusu ya mibuni na kupanda nyanya. Hakuna aliyelihitaji gunia lile. Melkizedeki alichota karibu nusu debe. Alijua mrututu unaua ukungu wa kahawa na kukausha vidonda vya kwato za kondoo. Ushindwe na choo? Juma moja kabla ya safari alikoroga sehemu yake kwa maji na kuimimina ndani ya tangi la choo, ili tangi lizoee.

Eunike alijaribu choo kile kombi ikiwa imesimama uani. Alitoka akiwa amefunga mdomo kwa kanga, na mumewe akadhani analia. Alikuwa anacheka.

“Baba Hope, hakinuki hata kidogo. Ni kizuri kuliko cha nyumbani.”

Waliondoka Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, Sadoki akiendesha. Mpaka Makuyuni, mahali lami inapokwisha, Eunike alikuwa bado ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kutukanwa. Kisha alikwenda nyuma ya pazia, akarudi, akanawa, akakaa. Hakuna aliyegeuka. Gari halikupunguza mwendo. Baada ya mara ya tatu aliachia ukingo wa kitanda. Baada ya mara ya tano alifungua kikapu na kutoa ndizi za kuchoma, akala. Melkizedeki alimwangalia mkewe akila safarini, kitu ambacho hakuwa amekiona kwa miaka minne, akageuza uso kwenye dirisha lenye vumbi.

“Mnakula nini huko nyuma?” aliuliza Sadoki. “Dereva naye ni binadamu.”

“Wewe endesha, shemeji. Dereva akishiba analala.”

“Mama Hope amepona! Ameanza kuninyima chakula!”

Walilala Babati, katika uwanja wa misheni. Asubuhi Melkizedeki alifunga mpira kwenye bomba, akafungua koki, na uchafu ukatoka wote hadi tone la mwisho kwenye shimo la choo cha misheni, bila kumwaga chochote pembeni. Alisimama pale akiwa na fahari ya fundi. Katika uchafu uliotoka aliona chembe nyingi nyekundu, akadhani ni udongo wa njiani. Akafunga koki, akaongeza maji na mrututu aliokuwa amebakiza, mwingi kuliko wa mwanzo, kwa kuwa hii ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Barabara ya Katesh iliwatingisha kama punje kwenye ungo. Nje kidogo ya Singida walisimama wakavaa. Eunike alivaa kitenge cha buluu alichokuwa ameshonewa na fundi wa Kimandolu, na Melkizedeki suti ya mtumba ambayo mikono yake ilikuwa mirefu kidogo. Saa saba walifika kanisani. Ndoa ilikuwa saa nane.

Hope alikuwa katika nyumba ya mwinjilisti, ng’ambo ya uwanja. Alitoka mbio na shela lake, wasichana wakimfuata wakilia, “Dada, vumbi! Gauni!”

“Shikamoo, mama. Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mama, umekuja kweli!”

“Nimekuja kwa nyumba yangu,” alisema Eunike, akaigonga kombi ubavuni. “Ingia uone. Nina hata choo.”

Walikubaliana kwamba kombi ikae kwenye mlango wa pembeni, ili Eunike aweze kutoka na kurudi bila kupita mbele za watu. Uwanja wa kanisa uliteremka taratibu kutoka mlango huo mpaka mlango mkubwa, ambako msafara wa bibi harusi ungepangwa. Kwaya ilipoanza kupaza sauti, Eunike alikuwa amekaa benchi la mbele. Hope alimwona kutoka mlangoni, akaitikia kwa kichwa kumwambia amemwona. Melkizedeki alikuwa ameshampa binti yake mkono. Dakika hiyohiyo tumbo la Eunike lilihitaji. Aliinama, akamwashiria Hope kwa kidole kimoja: nisubiri kidogo. Akatoka kwa mlango wa pembeni.

Alipomwaga kopo lake la maji katika choo cha kombi, kitu kiliachia chini ya sakafu.

Wa kwanza kuona alikuwa mtoto wa miaka minne au mitano. “Tazameni, gari linakojoa!” Watu wakacheka, kwa sababu ni kweli lilionekana hivyo. Lakini maji yalizidi kushuka, ya buluu na ya kahawia, yakafuata mteremko, yakafika kwenye miguu ya msafara, na harufu ikayafuata. Wanawake waliinua vitenge vyao. Mtu mmoja akasema, “Jamani, ni choo hicho.” Wasichana walishika ncha za gauni la Hope wakarudi nyuma.

Melkizedeki aliuachia mkono wa binti yake, akakimbia.

Aliingia chini ya kombi na suti yake, akalala chali. Tangi lilikuwa linavuja kwenye mshono wa chini, na si tundu moja. Aliomba sabuni. Mtu akamletea mche, akaukanda, akabandika kwenye tundu kama mafundi wafanyavyo na matangi ya mafuta. Tundu lilikubali. Kando yake likafunguka jingine. Aliligusa bati kwa kidole gumba, nalo likabonyea kama ganda la yai.

Juu yake, ndani ya kombi, Eunike alikuwa amefunga pazia na mlango. Hope alikuja akiwa ameinua gauni hadi magotini.

“Mama, fungua.”

“Nenda kanisani, Hope.”

“Nilisema siingii kabla hujakaa mbele.”

“Nilikaa. Uliniona?”

“Nilikuona.”

“Basi imetosha. Siwezi kupita kwenye hiki walichokikanyaga wakwe zako. Usinilazimishe, mwanangu. Nenda, nitakusikia kutoka hapa.”

“Na baba?”

Sauti ya baba yake ikatoka chini ya gari. “Nikiachia mkono linamwagika lote. Nenda na Sadoki.”

Sadoki alikuwa amesimama na ndoo ya mchanga, akifukia. Alijitazama: koti la udereva, mafuta kwenye kucha. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wowote. Alinawa kwa maji ya ndoo aliyoletewa, akajifuta kwenye suruali, akampa Hope mkono. Wakaenda kwa kuzunguka nyuma ya kanisa, mahali palipokuwa pakavu.

Hivyo ndivyo Hope alivyoolewa. Baba yake alisikia wimbo akiwa amelala chali na vidole kwenye matundu. Mama yake alisikia akiwa ameweka sikio kwenye kioo. Kuna maneno yaliyowafikia na mengine yalichukuliwa na upepo.

Wakwe walikuwa watu wema. Mama yake Eliasi alikuja mwenyewe na sahani ya pilau, akagonga, akasema, “Mzazi mwenzangu, hakuna aliyekasirika.” Eunike alishukuru kupitia pazia. Hakufungua.

Kesho yake tangi la choo lilikuwa tupu na halikufaa tena. Walianza safari ya kurudi, na baada ya maili chache Eunike akasema, “Simamisha, shemeji.” Sadoki akasimamisha, akaangalia mbele. Eunike alishuka na kanga ya pili mkononi, akampa mumewe.

“Shika hii,” alisema.

Melkizedeki alitandaza kanga kwa mikono yote miwili, akageuza uso. Kisha akachukua jembe dogo lililokuwa chini ya kiti, akachimba, akafukia. Walifanya hivyo njia nzima, kwenye tambarare na chini ya Mlima Hanang, mabasi yakipita na watu wakitazama. Kitu ambacho Eunike alikikataa kwa miaka minne alikifanya siku mbili mfululizo, bila kulalamika na bila kusema karibu neno lolote. Melkizedeki hakuhesabu.

Alipofika Sakina aliyashusha matangi yote mawili. Lile la maji ya beseni lilikuwa zima. Bati lilelile, mkono uleule, mshono uleule. Alilikata la choo kwa msumeno akalifungua. Ndani, kuta zote zilikuwa zimevikwa ngozi nyekundu ya shaba, laini, ukiikwangua inabanduka, na chini yake chuma kilikuwa kimeliwa mpaka kikawa karatasi. Mrututu ni chumvi ya shaba: ulikuwa umeiacha shaba yake ukutani na kula chuma. Ndipo alipomkumbuka baba yake asubuhi za kupiga dawa: akichanganya mrututu katika pipa la mbao, akikorogea kwa mti, akipigia kwa bomba la shaba. Madebe ya bati yalijaa uani, na hata siku moja hakuutia mrututu katika debe. Melkizedeki alikuwa amesimama hapo kila msimu, tangu akiwa na miaka sita, akibeba maji.

Alimweleza mkewe jioni hiyo.

“Baba hakukwambia kwa nini?” aliuliza Eunike.

“Hakuniambia. Wala mimi sikumwuliza. Nilidhani ni mazoea ya wazee.”

Eunike akauliza jambo jingine kabisa. “Alipokubali, alilia?”

“Nani?”

“Hope.”

“Sijui, Mama Hope. Nilikuwa chini.”

Eunike hakusafiri tena. Kanisani pia alipunguza, na masika ya mwaka uliofuata ugonjwa wa tumbo ulirudi kwa ukali zaidi kuliko mwanzo. Picha za harusi zilikuwa zimeletwa kwa basi. Katika zote Hope amesimama, anatabasamu, na hakuna hata moja inayoonyesha alivyotembea.

Kwa hiyo kila Jumapili Sadoki alipanda baiskeli kutoka Sakina mpaka Kikwe, mwendo mrefu kwa mtu wa umri wake. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, Melkizedeki upande wa pili, nao wakamwomba awaeleze ndoa ilivyokuwa kule ndani. Alieleza yote kwa makini, bila mzaha. Mkono wa Hope ulivyokuwa baridi. Alivyolitazama benchi la mbele, palipowekwa mkoba wa mama yake. Alivyoulizwa, akageukia mlango wa pembeni hata mchungaji akainua macho, kisha akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma. Ndiyo, alilia, lakini baadaye, na Eliasi alimpa leso.

Juma la mwisho Eunike hakuweza tena kuinua kichwa. Sadoki alipoingia alidhani amelala, akataka kurudi nje.

“Kaa, shemeji,” alisema Eunike, macho yamefumba. “Anzia pale mlangoni.”

Melkizedeki akamsogezea kigoda. Sadoki akavua kofia, akaanzia pale mlangoni.